Nguo za Watu Wasiosikia Baridi

Mimi nguo isiyomkinga mtu na baridi, isiyomfichia aibu, isiyoonyesha kama huyu ni mke wa mtu au sista au askari, siielewi ni nguo ya nini. Na kitu nisichokielewa kwanza nakitilia shaka, kukipenda baadaye. Ndivyo nilivyoumbwa. Hata marehemu mume wangu nilimtilia shaka muda mrefu kabla sijampenda, na yeye alikuwa anaonekana kwa macho, anashikika. Sasa sembuse nguo za ndani ya kompyuta!

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, alikuja kukaa na mimi hapa Bugene akiwa na begi mbili. Moja ya nguo zake, hiyo alimwachia mtu wa bodaboda aifunge nyuma kwa mpira. Nyingine ya kompyuta, hiyo akaipakata mwenyewe kama kichanga. Amezaliwa Mwanza, amesomea Mwanza mambo ya kuchora kwa kompyuta. Nikamuuliza, "Umekuja kupumzika, mke mwenzangu?" Akasema, "Hapana Bibi, nimekuja na kazi yangu." Nikalitazama lile begi. Kazi gani hiyo inayoenea kwenye begi?

Akanieleza mpaka nikaelewa, na nikishaelewa shaka ikaongezeka. Kuna watu wanatengeneza gemu ya kwenye mtandao. Kila anayeingia humo anapewa mtu wake wa kumwendesha. Mmoja anachagua awe mwindaji, mwingine mfua chuma, mwingine mganga wa dawa. Anatembea porini, anapigana na madude, anapanda cheo, anakutana na wenzake ambao nao wamekaa majumbani kwao, mmoja Dodoma, mwingine nchi za huko. Hawajuani sura. Na gemu yenyewe haijaisha. Milima ipo, lakini ukipanda mmoja unaweza ukadumbukia ukapotea, kwa sababu hawajaujaza ndani. Wanaoingia sasa hivi ni watu wa kuijaribu tu.

Humo ndani mjukuu wangu alikuwa anachora nguo. Na si nguo za vita, maana hizo zina mtu wake. Yeye anachora za urembo.

Walikuwa hawajamchukua kabisa. Walimpa kipindi cha kumwangalia. Wakizipenda nguo zake, wanamweka kwenye kundi lao na kazi anaifanyia hapa hapa kwangu, kwenye meza ya chakula. Wasipozipenda, mjomba wake ana duka la vipuri vya pikipiki Mwanza, alishasema kaunta inamngoja. Na mimi sikutaka aende. Tangu watoto wangu watawanyike nilikuwa naongea na kuku, na kuku wa kwangu si wasikilizaji. Huyu mtoto anacheka nikiongea. Anauliza, "Halafu ikawaje, Bibi?" Utampata wapi mtu wa hivyo? Kwa hiyo niliwachunguza wale watu wa gemu kama mtu anavyomchunguza mchumba wa binti yake.

Siku moja nikamuuliza, "Hizi nguo zinampa mtu nini?"

"Hazimpi kitu, Bibi. Anapendeza tu."

"Hazimwongezei nguvu?"

"Hata kidogo. Ni sheria ya gemu. Uvae joho la mfalme, uvae gunia, nguvu zako ni zile zile. Walitaka mwenye hela asimwonee asiye nazo."

"Na watu watanunua?"

"Watanunua sana."

"Mke mwenzangu, unanidanganya. Au wao wanakudanganya wewe."

Akacheka mpaka akafunga macho. Lakini mimi sikucheka. Nimeishi, nimeona watu wanavaa vitu viunoni na shingoni, wakiulizwa wanasema ni pambo tu, kumbe ndani mmeshonewa mambo. Nikasema, niingize humo nijionee.

Akanitengenezea mtu wangu. Nilitaka mama mtu mzima mwenye kifua, lakini wamama walikuwa hawajamaliza kuwatengeneza, kwa hiyo nikapewa binti mwindaji, kiuno kama nyigu, nikasema haya, tutavumiliana. Mjukuu akanionyesha vidude vya kubonyeza. Mwanzoni binti wangu alikuwa anagonga ukuta tu, anatembea palepale kama aliyerukwa na akili. Baadaye nikapata mkono.

Basi nikaanza kuwapima. Nikamvua binti viatu, nikamkimbiza peku kutoka kisimani mpaka kwenye mti mkavu, huku mimi nasali Salamu Maria kwa mwendo wangu wa siku zote. Nikamrudisha. Nikamvika mabuti yale mekundu yenye manyoya, nikamkimbiza tena njia ile ile. Salamu Maria zikawa zile zile. Nikadhani labda nilisali haraka. Nikarudia. Zile zile! Nikamvika gauni la harusi lenye mkia wa kuburuta, nikampeleka kwa fisi. Nilijua atajikwaa. Hakujikwaa. Mkia unapita juu ya miiba, haushiki hata jani. Akampiga fisi akamuua vizuri kabisa kama alivyomuua akiwa na kaniki.

"Umeridhika?" mjukuu akauliza.

"Kofia bado sijaipima."

Jirani yangu mmoja, mama wa Kilutheri aliyetoka Muleba, ana duka la vitenge na sukari hapo barabarani, alisikia habari akaja. Alisimama mlangoni, hakutaka kukaa karibu na kompyuta.

"Mama, kuwa macho," akaninong'oneza. "Hao wanachukua nyota za watoto wa watu. Leo anawachorea nguo, kesho wanamwita, hamumwoni tena."

"Na mimi nilikuwa nawaza hivyo hivyo," nikamwambia. Kweli nilikuwa nawaza.

"Mitandao yote iko chini ya ziwa."

"Ziwa gani, letu?"

"Lolote!"

Mjukuu wangu akamwamkia shikamoo, akamgeuzia kioo aone. Yule mama akaangalia kwa jicho moja, kama anayeangalia nyoka aliyekufa. Halafu kwa yote mawili. Halafu akavuta kiti. Binti yake alikuwa anakaribia sendofu ya kuagwa aende kuolewa, na humo kwenye kioo kulikuwa na gauni la njano lenye mikono mipana.

"Hebu rudisha hilo," akasema. "Mgeuze nione mgongoni. Fundi wa Kayanga anaweza kulishona hili?"

Nikamwambia, "Si liko chini ya ziwa?"

"Mama, acha maneno yako. Geuza, mwanangu, geuza."

Akaondoka na picha kwenye simu. Nami nikabaki na shaka zangu peke yangu, mwenzangu ameshanikimbia.

Ikaja ile siku. Ilikuwa mchana, namenya ndizi uani. Mjukuu akaniita, sauti imejaa furaha. "Bibi, njoo uone! Hili ndilo litakalonipa kazi."

Nikaenda na kisu changu mkononi. Kwenye kioo alikuwa amesimama msichana mrefu. Vazi lake lilikuwa la rangi ya gome la mti, limefungwa begani upande mmoja. Shanga miguuni. Na kiunoni, kamba ya mgomba mkavu. Imesokotwa, imezungushwa, fundo limekaa ubavuni na mkia wake unaning'inia. Aliichora vizuri, usipime. Hata zile nyuzi zinazochomoza ungeona. Na yule msichana alikuwa anacheza ngoma. Mjukuu akasogeza picha nyuma, nikaona si yeye tu. Uwanja mzima! Wale wa kujaribu walishapewa vazi wajivike, wamelipenda, wanarukaruka, kila kiuno kina kamba ya mgomba. Mmoja wao dume kabisa, mfua chuma ana ndevu, naye kajifunga.

"Huo mkanda umeutoa wapi?"

"Kibingo, Bibi. Siku ile kwa bibi mdogo."

Nikavuta kiti, nikakaa.

Ngoja niwaeleze. Mdogo wangu anakaa Kibingo, Kyerwa huko, na alifiwa na mume. Kwetu sisi, ukoo wa mama yangu, mwanamke akifiwa na mume anafungwa kamba ya mgomba mkavu kiunoni. Hajifungi mwenyewe, anafungwa. Anakaa nayo. Inamkwaruza, akilala anaisikia, akiinama shambani anaisikia. Na mabinti wa marehemu nao wanafungwa. Siku ya kumaliza matanga, dada wa marehemu anaikata kwa kisu, chumbani, pazia limefungwa. Ikishakatwa inatupwa kibanjani chini ya mgomba, ioze. Ndipo watu wanatoka nje, wanakula, wanakunywa rubisi, wanacheza. Ni furaha, lakini ni furaha ya mtu aliyevuliwa kitu.

Siku hiyo ya kumaliza nilikwenda na mjukuu. Tulipanda gari mpaka Rubwera, tukachukua bodaboda mbili. Tulipofika aliwaona wanawake na kamba zao. Akapiga picha kwa simu, sikumkataza, nilijua anapiga picha bibi zake. Wakati wa kukata, yeye hakuwepo. Alikuwa amepanda juu ya kichuguu nyuma ya nyumba anatafuta mtandao, hao watu wake walikuwa wanamtafuta kuhusu kola ya shati. Aliposhuka akakuta masufuria yanaepuliwa na watu wanaimba. Akala, akacheza, akafurahi. Nani angeangalia kama viuno sasa viko wazi? Mtu wa Mwanza yeye alijua amekwenda kwenye sherehe, na kamba ni pambo la sherehe.

"Uliiokota?" nikamuuliza. Hilo ndilo lililonitisha kwanza, isije ikawa aliileta ile yenyewe nyumbani kwangu.

"Kuokota nini, Bibi? Nilichora kwa kuangalia picha. Vipi, si nzuri?"

Uso wake ulikuwa unang'aa. Wakuu wa gemu wangekaa wiki inayofuata kuamua, na mkubwa wao alishamwambia hilo vazi ndilo limewavutia kuliko mengine yote.

Nikasema, "Nzuri." Nikarudi kwenye ndizi zangu.

Niliwaza sana pale uani. Niliwaza, nani atajua? Wale wa Dodoma na nchi za huko hawajui kamba ya mgomba. Mdogo wangu ana kisimu cha tochi, hawezi kuona. Nikinyamaza mtoto anabaki. Nikisema, vazi linaharibika, kazi inapotea, mtoto anakwenda kuuza pleti za klachi. Na isitoshe ni nguo za urembo, si nimezipima mwenyewe? Hazina kitu. Lakini kila nikifumba macho namwona yule mfua chuma mwenye ndevu anatikisa kiuno na majonzi ya mdogo wangu.

Nilinyamaza. Na ningeendelea kunyamaza, Mungu ananiona, kama si binti wa jirani.

Huyo mwenye sendofu alikuja asubuhi na simu yake, anatabasamu. "Shikamoo Bibi. Lile gauni la njano nimeliacha. Nimeliona hili." Akanionyesha. Mjukuu alikuwa amemtumia picha. "Hili la begani. Na hii kamba ndiyo nimeipenda sana. Mama amesema kwenye kibanja chako migomba mikavu ni mingi, nije niombe."

Kwao kamba waliiacha zamani, wanafunga kitambaa cheusi kichwani, ndiyo maana hata mama yake hakustuka. Nikamtazama yule mtoto, bibi harusi mzima, anaomba kamba ya mjane kwa mkono wake, tena anacheka.

"Rudi nyumbani," nikamwambia. "Vaa la njano."

"Kwa nini, Bibi?"

"La njano! Mwambie mama yako nitakuja kumweleza."

Nikaingia ndani, nikamwambia mjukuu wangu yote. Chumba, pazia, kisu, dada wa marehemu. Hakunikatisha. Alitoa hedifoni masikioni akaziweka mezani polepole.

"Mbona hukuniambia pale pale?"

"Nilitaka ubaki."

Akainamisha kichwa. Halafu akasema, "Nikiutoa ule mkanda, vazi lote linakufa, Bibi. Macho ya watu yapo pale kiunoni."

"Najua. Hata yangu yalikwenda pale."

Nilijua atalia, au atanikasirikia. Akachukua simu akampigia mkubwa wake palepale, akaweka sauti ya kusikika na watu wote. Sauti ya huyo bwana ilikuwa tamu kama ya mtangazaji, na mimi sauti tamu nazitilia shaka mara mbili.

"Shikamoo Bibi," akasema, alipoambiwa nipo.

"Marahaba. Uko wapi?"

"Niko Arusha."

"Arusha wapi?"

"Mjini, Bibi."

"Wote wanasema mjini. Haya, msikilize mwenzako."

Mjukuu akamweleza. Yule bwana alikuwa anaitikia ehee, ehee, sawa. Akamaliza kusikiliza, akasema pole sana, hatukujua. Halafu akaanza kunizungusha. Kwamba wachezaji wamezoea. Kwamba huko ndani ya gemu maana zinakuwa nyingine. Kwamba, "Bibi, lakini huu ni urembo tu. Haubadilishi kitu chochote."

"Kama haubadilishi kitu, utoe," nikasema.

"Si rahisi hivyo, Bibi."

"Basi unabadilisha."

Mjukuu wangu akaziba mdomo. Yule bwana akacheka kidogo, cheko la mtu aliyekanyagwa kidole. Akasema, "Nitaongea na wenzangu." Simu ikakatika. Na mimi hayo maneno nayajua. Bwana shamba akisema ataongea na wenzake kuhusu dawa ya kahawa, kahawa inakufa imesimama.

Kisha tukangoja. Jamani, kungoja! Mjukuu aliuondoa ule mkanda kwenye mchoro wake bila kungoja jibu, akaweka ukosi wa shanga badala yake. Tukaangalia wote wawili. Likawa vazi la kawaida tu, kama la kuendea sokoni. Mjukuu akaanza kufua nguo zake zote, hata zile safi, nikajua anajiandaa na safari. Mjomba alipiga simu kuuliza lini. Nikamsikia anamjibu, "Nitakwambia, Mjomba." Mimi nikawa nampikia vitu anavyopenda, na yeye akawa ananitazama kwa shaka. "Bibi, mbona leo tena nyama?" Tumegeuka, sasa yeye ndiye ananichunguza mimi.

Ujumbe ulikuja wakati anakuna karoti. Akasoma kimya, nikamwona macho yanarudi juu, anasoma tena.

"Soma kwa sauti. Usinifiche hata moja."

Akasoma. Mkanda umetolewa kwenye gemu, kwa kila aliyekuwa ameuvaa. Vazi lenyewe wameliweka kando, hawalitumii, halina mvuto tena. Mabuti mekundu na gauni la njano wamevipenda. Na yeye wanamwomba aendelee nao, si moja kwa moja kama alivyotaka, ila mpaka gemu ikamilike ifunguliwe kwa watu wote.

"Hebu rudia hapo mwisho."

"Mpaka gemu ikamilike."

"Itakamilika lini?"

"Hawajui, Bibi. Walisema mwaka jana, ikashindikana. Bado milima haijajazwa ndani. Bado wale wamama. Wakirekebisha hiki kinaharibika kile."

Hapo moyo wangu ulitulia kidogo. Mimi nafahamu vitu visivyokamilika. Hapa Bugene kuna nyumba nimeiona ikiwa msingi nikiwa na meno yote, na leo imefika kwenye madirisha. Kama gemu ni ndugu ya nyumba ile, basi huyu mtoto atakula ndizi zangu mpaka azichoke.

Lakini bado siwaamini. Yule wa sauti tamu anaweza akaamka siku moja akasema tayari, tumemaliza, asanteni. Kwa hiyo nimemwambia mjukuu wangu nguo yoyote asiipeleke kabla sijaipitia mimi, isije ikatuletea mambo ya Kibingo tena. Akakubali. Akaniletea kiti chenye mto. Sasa kila jioni tunakaa, ananigeuzia mtu wake mbele na nyuma, naangalia kola, naangalia pindo, nauliza hiki kifungo ni cha nini, na huu mstari kaufundishwa na nani, hebu mrudishe mgongoni.

Nazikagua vizuri sana. Na sina haraka.